Jani la dawa mseto lilipohamia kwenye hamira

Saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora jijini Tanga, kuna bakuli kubwa jikoni lililofunikwa kitambaa. Ndani mna mchele uliosagwa, tui la nazi, sukari, iliki na hamira kidogo. Mama wa vitumbua akifunua anakuta rojo limeumuka, limejaa vipovu, na jiko zima linanukia. Hamira imefanya kazi yake usiku kucha bila mshahara. Imekula sukari, ikatoa hewa.

Juu ya kabati la jiko hilo hilo si ajabu kukuta pakiti ya dawa mseto, ile ALu ambayo mtoto aliandikiwa baada ya kipimo cha haraka kuonyesha malaria. Mara nyingi vidonge viwili vitatu vimebaki. Homa ilishuka siku ya pili, mtoto akatoka kucheza, dawa ikawekwa akiba. Habari ya akiba hiyo itafuata mbele.

Kwanza ni habari ya udugu. Hamira iliyo bakulini na dawa iliyo juu ya kabati zina udugu ambao wazazi wengi hawajausikia. Wanasayansi waliichukua hamira ile ile ya mikate, wakaifundisha kupika malighafi ya dawa ya malaria, kazi ambayo kwa asili hufanywa na jani la mmea mmoja tu. Kwa mkoa wenye malaria na wenye wakulima kama Tanga, jambo hilo lina pande mbili: mgonjwa anataka dawa nafuu isiyokatika dukani, na mkulima anajiuliza nini kitampata siku zao lake litakapotengenezwa ndani ya pipa.

Jani lenyewe ni la artemisia, mmea wenye asili ya China. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mmoja wa waliopewa kazi hiyo alikuwa mwanasayansi mwanamke, Tu Youyou. Alipekua vitabu vya tiba vya kale, akakuta maelekezo ya zaidi ya miaka 1,600 yaliyosema jani hilo liloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Hayakutaja kulichemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu nguvu ya dawa, akabadilisha njia, akatumia joto dogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafanikiwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobeli. Kitu alichokitoa kwenye jani kinaitwa artemisinini. Kutoka humo hutengenezwa artemetha, ambayo ikichanganywa na dawa nyingine iitwayo lumefantrini ndipo inapatikana ALu. Ndiyo maana ikaitwa mseto.

Tanga haikuwa mgeni wa dawa zinazotoka kwenye mimea. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza. Miongoni mwa miti waliyoipanda ni sinkona, mti wa Amerika Kusini ambao gome lake hutoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, Amani ndiko kwinini ya majeshi yao ilikotengenezwa. Mpaka leo kwinini ya viwandani hutoka kwenye gome la mti, na mashamba ya sinkona yapo hata Kivu, mashariki mwa Kongo. Amani baadaye ikawa makao ya utafiti wa malaria.

Watu wazima wanakumbuka zilizofuata. Klorokwini, chungu kama nini, ikiwawasha watu mwili mzima. Ilipochoka, mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Nayo haikudumu. Tafiti za Muheza na Korogwe zilionyesha vijidudu vya malaria vikiizoea kwa kasi ya kutisha, na mwishoni mwa mwaka 2006 dawa mseto ikashika nafasi.

Nchi nyingine nyingi za Afrika zilifanya uamuzi huo huo katika miaka hiyo hiyo, na hapo ndipo jani likaelemewa. Kwenye jani kavu la artemisia, artemisinini mara nyingi huwa kiasi cha asilimia 1 au pungufu. Kilo moja ya dawa inataka rundo kubwa la majani. Toka mbegu iingie ardhini mpaka kidonge kifike zahanati, unapita zaidi ya mwaka. Katikati ya miaka ya 2000 bei ya artemisinini ilipanda kupita dola 1,000 kwa kilo. Wakulima wa China na Vietnam wakaongeza mashamba, na wa Kenya, Uganda na nyanda za kaskazini mwa Tanzania wakaingia. Majani yalipojaa sokoni, mnamo mwaka 2007 bei ikaporomoka hadi karibu dola 200. Wengi wakang'oa, wakarudi kwenye mahindi. Miaka michache baadaye jani likapungua tena na bei ikapaa. Waliolima kwa mkopo wanaijua bembea hiyo, na mama aliyefika zahanati akaambiwa "dawa zimeisha, nenda duka la dawa" aliijua kwa upande wake.

Hapo ndipo hamira inapoingia. Mwanasayansi Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza kama jani haliwezi kupumzishwa. Desemba 2004 mradi wake na washirika wake ulipata dola milioni 42.6 kutoka Mfuko wa Bill na Melinda Gates.

Namna walivyofanya, mkulima wa Lushoto anaweza kuielewa haraka kuliko wengi, maana anajua mfereji. Maji yanashuka mlimani kwa mfereji mmoja mkuu, kisha yanagawanywa. Ukiziba tawi la kwa jirani, maji yanajaa kwako. Hamira nayo ina mfereji wake. Inapokula sukari, sehemu ya sukari hiyo hupita hatua kwa hatua hadi kuwa mafuta ya kujengea ngozi yake. Katikati ya safari hiyo kuna kitu ambacho mmea wa artemisia nao unacho, na ndicho ambacho mmea huanzia kutengeneza dawa. Watafiti wakapanua mfereji juu, wakabana tawi la mafuta chini, halafu wakafungua tawi jipya. Walichukua jeni, yaani maelekezo ya urithi, kutoka kwenye artemisia na kuyaweka ndani ya hamira, ili maji yaelekee huko. Kwa lugha ya darasani kazi hii ni uhandisi jeni wa njia za kikemia ndani ya kiumbe hai.

Inasikika rahisi. Ilichukua miaka. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira yao inatoa asidi ya artemisini, hatua chache kabla ya dawa, lakini kwa kiasi kidogo mno, kama miligramu 100 kwa lita. Mwaka 2013 wakafikia gramu 25 kwa lita. Hatua ya mwisho hamira haikuiweza. Inafanywa kiwandani kwa kemia na mwanga wa taa. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ikaanza uzalishaji katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, chenye uwezo wa tani 50 hadi 60 kwa mwaka, karibu theluthi moja ya mahitaji ya dunia wakati huo. Shirika la Afya Duniani likaikubali. Mwaka 2014 shehena za kwanza za dawa iliyotokana na hamira, dozi kama milioni 1.7, zikaelekea nchi kadhaa za Afrika.

Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuuliza: je, mtoto anameza hamira iliyobadilishwa? Hapana. Kinachobaki baada ya kusafishwa ni artemisinini ile ile, na mwilini hakuna tofauti kati ya iliyotoka kwenye jani na iliyotoka kwenye pipa.

Wasiwasi wa mkulima ni mzito zaidi, na Tanga ndiyo yenye haki ya kuwa nao kuliko mikoa mingi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ukatokea uchumi mzima: reli, bandari, kambi za vibarua kutoka kila pembe ya nchi, mpaka katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ikawa inaongoza duniani ikiwa na karibu tani 230,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki. Wako wanaolaumu pia utaifishaji na uendeshaji mbovu, na wana hoja, lakini bei ilikuwa imekwisha anguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Mzee aliyekuwa mkata mkonge Muheza au Korogwe hahitaji kuelezwa maana ya kiwanda cha ng'ambo kutengeneza mbadala wa zao lako.

Na ni wachache wanaokumbuka kwamba mkonge wenyewe uliwahi kuwa dawa. Maji yanayotoka jani linapokamuliwa, yale yenye harufu kali yanayomwagwa nyuma ya kiwanda, yana kitu kiitwacho hekojenini. Miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilikuwa ikikitumia, kutoka mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki, kutengeneza dawa za jamii ya kotisoni, zile zinazotuliza uvimbe, mzio na pumu. Baadaye viwanda vikapata njia nafuu, mojawapo ikiwa ni kuwatumia bakteria kugeuza mafuta ya soya. Hekojenini ikasahaulika. Kwa hiyo jambo hili limekwisha pita Tanga mara moja, kimya kimya, na hakuna aliyemfahamisha mkata mkonge.

Kwa artemisia, hata hivyo, mambo hayakwenda kama mkonge. Sanofi ilipokuwa ikiuza artemisinini ya hamira kwa dola 350 hadi 400 kwa kilo, wakulima walikuwa wameongeza mashamba na mbegu bora, na bei ya iliyotoka kwenye jani ikashuka chini ya dola 250. Pipa likashindwa na shamba. Mwaka 2015 kiwanda cha Garessio hakikutoa hata kilo moja ya artemisinini, na baadaye kikauzwa kwa kampuni ya Bulgaria. Dawa mseto iliyo juu ya kabati la mama wa vitumbua leo, kwa uwezekano mkubwa, imetoka kwenye jani.

Ushindi huo wa mkulima si wa kusherehekea kwa ngoma. Ameshinda kwa kuuza rahisi, na asipopata faida msimu huu, msimu ujao hapandi. Kilichokosekana mara zote ni mtu wa kumhakikishia bei kabla hajapanda, na hilo halitengenezwi na hamira wala na jani. Lakini teknolojia ipo, haijafutika, na jani likiadimika tena kuna aliyeshika njia nyingine.

Kwingineko hamira na bakteria wamekwisha shinda, na familia za Tanga zinanufaika kila siku. Insulini ya wagonjwa wa kisukari zamani ilitolewa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe. Kwa mgonjwa Mwislamu wa pwani hilo halikuwa jambo dogo. Tangu 1982 iko insulini inayotengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya binadamu, na leo ndiyo iliyoenea, pamoja na ile ya hamira. Chanjo ya homa ya ini B, iliyo ndani ya ile sindano ya pentavalenti anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, nayo hutengenezwa kwa hamira. Akina mama wanaopanga foleni kliniki ya watoto wamekwisha kutana na teknolojia hii bila kutambulishwa.

Korogwe imekwenda mbali zaidi. Watoto wa wilaya hiyo walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kwanza pamoja na wenzao wa Kilifi, Kenya, ambapo matokeo yalichapishwa mwaka 2008, kisha katika jaribio kubwa lililoanza 2009 kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo ikiwamo. Jumla walikuwa watoto zaidi ya 15,000. Kwa waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Si ngao kamili, lakini Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, ikiwa chanjo ya kwanza ya malaria kufika hapo. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa hamira ya mikate.

Ndani yake mna kitu kingine: kiungo cha kuamsha kinga ya mwili, kinachotoka kwenye gome la mti wa Chile uitwao kwilaya, ambao gome lake hutoa povu kama sabuni. Chanjo ya pili ya malaria, R21, nayo hutegemea mti huo huo. Chanjo zikitakiwa kwa mamilioni, gome hilo linaweza kuwa tatizo lile lile la jani la artemisia. Mwaka 2024 kundi la Keasling, likishirikiana na watafiti wa Uingereza, lilitangaza kwamba limefanikiwa kuifanya hamira itengeneze kiungo hicho tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kutumia sukari tu. Kiasi kilichopatikana bado ni kidogo sana, cha maabara. Artemisinini ilianza vivyo hivyo.

Kwa hiyo wakulima wa viungo wa Muheza na Amani, wenye karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga, wana sababu ya kufuatilia habari hizi, hata kama hakuna anayewafikiria anapoziandika. Vanila tayari imepita huko: kampuni ya Uswisi, Evolva, ilianza kuuza harufu ya vanila iliyotengenezwa na hamira mwaka 2014, wakati vanila halisi ikiwapa riziki wakulima wa Uganda na Madagaska. Wanunuzi wa vanila halisi hawajaisha, maana kuna wanaolipia zaidi kujua kwamba kitu kimetoka shambani. Ila ili mtu alipie hilo, lazima mfuko uwe na jina la mahali ilikotoka. Karafuu inayouzwa kwa madalali ikachanganywa na nyingine haina jina.

Kuna jambo moja ambalo mzazi asilichanganye. Kwa kuwa dawa inatoka kwenye jani, haifuati kwamba chai ya jani ni dawa. Mwaka 2020, wakati wa korona, kinywaji cha Madagaska chenye artemisia kilifuatwa kwa ndege hadi kikaletwa nchini, na tangu hapo wapo wanaochemsha majani nyumbani kila homa inapobisha hodi. Shirika la Afya Duniani halikubali chai wala unga wa artemisia kutibu malaria au kuikinga. Kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, hubadilika toka jani hadi jani, na mara nyingi ni kidogo: kinawatisha vijidudu bila kuwaua. Vikiponea hapo vinajifunza.

Na kujifunza huko kumeanza. Utafiti wa mkoani Kagera uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na washirika wake, uliochapishwa mwaka 2024, umethibitisha vijidudu vya malaria vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Dawa mseto bado inaponya, kwa sababu ile dawa ya pili iliyomo humaliza kazi. Lakini aliyeishi Tanga wakati wa klorokwini na Fansidar anaijua njia hiyo inakoelekea.

Ndipo inaporudi habari ya vidonge vya akiba juu ya kabati. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge kimoja kila mara, mara sita kwa siku tatu. Cha pili hufuata saa 8 baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi jioni ya siku ya tatu, hata kama anacheza mpira barazani. Wenye kilo nyingi zaidi huongezewa vidonge kwa uzito, idadi ya mara inabaki ile ile. Aliye chini ya kilo 5 apelekwe kwa mganga. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, muulize mhudumu kabla ya kuendelea. Na dawa hii hufyonzwa vizuri ikikuta mafuta kidogo tumboni. Maziwa yanafaa, uji wenye karanga unafaa, na kwa kidonge cha asubuhi, kitumbua kimoja cha tui kutoka bakuli lile la alfajiri kinatosha.